Mtoto Akichelewa Kusema, Tuanze na Sikio

Kuna jibu ambalo husikika kila mara Rubongi, Tororo mjini na sokoni Busia, upande wowote wa mpaka wa Uganda na Kenya: "Atasema tu." Mama amebeba mtoto wa miaka miwili na nusu. Mtoto anacheka, anavuta leso, ananyoosha kidole akitaka ndizi, lakini neno halimtoki. Mama akidokeza kwamba ana wasiwasi, watu watatu wanamjibu kwa pamoja. Wa kwanza anasema watoto wa kiume ndivyo walivyo, huchelewa. Wa pili anakumbusha kwamba mjomba wa huyo mtoto alianza kusema akiwa na miaka minne, na leo hakuna mazishi yanayokwisha bila yeye kushika kipaza sauti. Wa tatu anatoa hukumu: mtoto amechanganywa na lugha nyingi. Mama ananyamaza, analipia dagaa wake, anarudi nyumbani kungoja.

Nasema wazi kwamba kungoja huko kunawaharibia watoto wetu maisha. Mtoto akichelewa kusema, jambo la kwanza ni kupimwa masikio. Apimwe kabla ya kupelekwa kwa mganga, kabla ya mkutano wa maombi ya uponyaji, kabla ya mtu kushika wembe amkate utando wa chini ya ulimi, na kabla hajaitwa mkaidi. Ikigundulika kwamba hasikii vizuri, apewe lugha upesi, iwe ya mdomo au ya mikono. Subira huvuta heri katika mambo mengi, ila katika hili ngoja ngoja huumiza matumbo.

Lugha nyingi hazina hatia

Tuanze na mshtakiwa anayetajwa kuliko wote. Ni kweli watoto wa huku huzaliwa katikati ya lugha. Baba ni Japadhola, mama ametoka kwa Wasamia, jirani ni Mteso, duka la kona linauza kwa Kiganda. Kiswahili kinatoka kambi ya jeshi ya Rubongi na kwa madereva wa malori wanaolala Malaba mpakani wakisubiri karatasi zao. Kiingereza kinangoja shuleni. Mgeni akihesabu, ataona mzigo mkubwa kwa kichwa kidogo.

Lakini hebu tujiulize: kama lugha nyingi zingekuwa zinawafunga watoto vinywa, Busia nzima ingekuwa kimya. Watoto wanaokulia katika lugha mbili au tatu hutamka neno la kwanza karibu umri uleule na wenzao wa lugha moja. Wanachofanya ni kugawa maneno: maji watayaita kwa lugha ya mama, mbuzi kwa lugha ya nyanya, pesa kwa Kiswahili. Ukijumlisha maneno yao yote, hawajapungukiwa. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hana neno hata moja, si kwa Dhopadhola, si kwa Kisamia, si kwa Kiswahili, hakuchanganywa na lugha. Huenda hakuna lugha hata moja kati ya hizo iliyomfikia.

Sikio hutangulia, ulimi hufuata

Mtoto huanza kusikia kabla hajazaliwa. Mimba ikikaribia mwisho wa mwezi wa sita, masikio yake yameanza kazi, na akizaliwa tayari anaitofautisha sauti ya mama yake na ya mwanamke mwingine. Kwa miezi mingi baadaye atakaa kama mpelelezi, akikusanya sauti bila kutoa ripoti. Maneno tunayoyashangilia anapotimiza mwaka ni mavuno ya kazi hiyo ya kimya.

Kinachowadanganya wazazi ni kwamba mtoto asiyesikia naye hulia, hucheka na kutoa sauti nyororo katika miezi ya mwanzo kama mtoto mwingine yeyote. Tofauti hujitokeza kati ya mwezi wa 6 na wa 10. Anayesikia huanza kupanga silabi, ba-ba-ba, ma-ma-ma, kwa sababu anajisikia mwenyewe na kuiga wengine. Asiyesikia huchelewa kufika hapo, na zile sauti alizokuwa nazo huanza kupungua. Mama anasema, "Alikuwa anaongea, halafu akaacha." Hapo ndipo masikio yake yalipaswa kuangaliwa.

Mwaka 1998 mtafiti Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto 150 wenye upungufu wa kusikia. Waliogunduliwa na kuanza kusaidiwa kabla ya kutimiza miezi 6 walikuwa na lugha bora zaidi kuliko waliogunduliwa baadaye. Tofauti hiyo ilionekana hata baina ya watoto ambao viwango vyao vya kusikia vilikuwa sawa. Ndiyo sababu wataalamu wakaweka ratiba ya kupima kabla ya mwezi 1, kuthibitisha kabla ya mwezi wa 3, na kuanza msaada kabla ya mwezi wa 6. Linganisha na ratiba yetu, ambapo mtoto wa miaka minne bado anaambiwa atasema tu.

Wapo pia watoto wanaosikia nusu nusu, na hawa ndio wanaoponyoka kirahisi. Mlango ukibamizwa wanageuka. Ngoma ikipigwa wanacheza. Basi nyumba nzima inaapa kwamba masikio ni mazima. Lakini sauti za s, f na sh ni nyembamba na hafifu, na mara nyingi ndizo zinazopotea kwanza. Mama akisema "shika" au "fika", mtoto anaweza kupata "ika" tu. Mtoto huyo atasema, ndiyo, lakini atasema maneno yaliyokatika kama alivyoyapokea, nasi tutamcheka tukidhani anadeka.

Yanayoharibu masikio huku kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na kwamba karibu asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Katika nchi za kipato kama chetu kiwango hicho ni kikubwa zaidi. Kwa maneno mengine, wengi wa viziwi wetu wadogo hawakuandikiwa uziwi.

Angalia orodha yenyewe. Rubela, ambayo mama mjamzito anaweza kuipata kama vipele na homa ndogo ya siku chache, humharibia masikio mtoto aliye tumboni. Kenya iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2016, na Uganda ikafuata Oktoba 2019. Sindano hiyo ya miezi 9 ambayo baadhi yetu huikwepa kwa kuwa "mtoto ameshachanjwa vya kutosha" ni mlinzi wa masikio ya watoto ambao hata mimba zao hazijatungwa. Kuna surua na matubwitubwi. Kuna homa ya uti wa mgongo, inayoweza kuondoka na usikivu wote kwa siku chache. Kuna mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa kwa kukosa hewa. Kuna manjano makali ya mtoto mchanga, ambayo tumezoea kuyatibu kwa kumwanika juani badala ya kukimbia hospitali.

Halafu kuna malaria, mwenyeji wetu wa miaka yote. Watafiti waliohesabu mbu wa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria kuwa mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Kuanzia mwisho wa 2014, dawa iliyopulizwa ukutani ndani ya nyumba ilipunguza sana ugonjwa huo wilayani. Lakini malaria kali inayopanda kichwani haiishii siku mtoto anapoondoka wodini. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa baadhi ya watoto walionusurika nayo walibaki na matatizo ya kusema na kuelewa lugha miaka kadhaa baadaye. Dawa zenyewe zina bei yake. Kwinini hufanya masikio yavume, na jentamisini, inayookoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, inaweza kuumiza sikio la ndani. Mtu asikatae dawa hizo, maana maiti haihitaji masikio. Ninachodai ni kwamba mtoto aliyetoka katika ugonjwa mzito asiruhusiwe kwenda nyumbani bila mama kuambiwa: mrudishe tumpime masikio.

Mwisho kuna usaha. Sikio linalotoa maji yenye harufu limekuwa jambo la kawaida mno hata hatulioni. Tunamtilia mtoto mafuta ya taa, maji ya majani, mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, kisha tunachokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Usaha ukidumu miezi, kiwambo cha sikio kilichotoboka hushindwa kuziba, na mtoto husikia dunia kama aliyefunikwa blanketi. Kituo cha afya kingelikausha kwa kitambaa safi na kumpa dawa ya matone inayofaa. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mengi ya masikio haya hayakuwa ya kufa, yalinyimwa dawa.

Bili inaletwa nyumbani

Tazama kinachofuata. Uganda ilifungua milango ya shule za msingi bila karo mwaka 1997, na watoto wakajaa. Katika darasa lililofurika, mtoto asiyesikia vizuri akikaa nyuma anaona mdomo wa mwalimu ukicheza kwa mbali. Anaitwa, haitiki. Anaambiwa afungue ukurasa, anaangalia jirani. Mwalimu anamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kiboko kinafanya kazi ingawa sheria za nchi zote mbili zimekikataza shuleni. Ni ukatili gani huu, kumchapa mtoto kwa kosa la kutosikia, tena bila mtu kuuliza kama anasikia?

Anarudia darasa mara moja, mara mbili. Wazazi wanahesabu gharama za sare na madaftari, wanaona afadhali abaki kuchunga mbuzi. Kama ni msichana, anaachwa nyumbani na wadogo zake, na hapo hatari inazidi. Mtu mwovu akimdhuru, atamshtaki kwa maneno gani? Polisi watauliza, hakimu atauliza, naye hana lugha ya kueleza jana na leo. Kando ya barabara ya Malaba, ambako malori hayahesabiki, honi humkinga tu mtoto anayesikia.

Mama naye analipa. Hawezi kumwacha mtoto na jirani kwa sababu hakuna anayemwelewa, basi meza yake sokoni inafungwa siku tatu kwa wiki. Dada mkubwa anageuzwa mkalimani wa nyumbani na masomo yake yanayumba. Ukoo wa baba unadai balaa limetoka kwa mama, na wa mama unarudisha tuhuma. Miaka ishirini baadaye, shamba linapogawanywa, kikao cha ukoo kinakaa na kuamua, na yule mtoto, sasa mtu mzima, yupo pale pale akitazama midomo ya watu, fungu lake likipungua mbele ya macho yake.

Na kuna hasara isiyoonekana. Lugha ndiyo inayompa mtoto uwezo wa kujua kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo ambalo si kweli, au kukasirika kwa sababu isiyoonekana. Watafiti wamegundua kuwa watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, wanaozungumza kwa ishara tangu utotoni, hufikia uelewa huo kwa wakati wake. Watoto viziwi wa nyumba zenye masikio mazima lakini zisizo na lugha ya kuwapa ndio wanaochelewa. Maana yake uziwi peke yake hauzubaishi akili. Kinachoizubaisha ni kukaa miaka bila kuzungumzishwa.

Ishara hazifungi mdomo

Hapa nakutana na hofu ambayo wazazi wengi wanayo: "Tukimfundisha ishara, hatasema kamwe." Hofu hii ina historia ndefu. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kuwa viziwi wafundishwe kwa mdomo, na ishara zikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi kwa vizazi kadhaa. Ilichukua hadi 2010 kwa mkutano wa mfululizo uleule, uliokutana Vancouver, kuyakataa maazimio hayo na kueleza majuto. Sisi bado tunaishi na kivuli chake.

Ukweli ni kwamba ubongo wa mtoto hauchagui mlango. Mwaka 1991 Laura Petitto na Paula Marentette walionyesha kuwa watoto wachanga viziwi wanaoona ishara nyumbani hubwabwaja kwa vidole, karibu wakati uleule ambao wenzao hubwabwaja kwa midomo. Aliyepata ishara mapema ana msingi wa kujengea kusoma, kuandika, na hata kusema pale masikio yanaporuhusu. Asiyepata chochote ndiye anayekwama.

Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo hapa mzazi ndiye anayepaswa kujifunza lugha kwanza, tena haraka. Kisheria njia iko wazi. Katiba ya Uganda ya 1995 iliagiza lugha ya ishara iendelezwe. Ile ya Kenya ya 2010 ilifanya hivyo pia, ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Uganda imekuwa na chama cha kitaifa cha viziwi tangu 1973, na Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni 1996. Mtu anaweza kutunga sheria Kampala kwa mikono yake. Kwa nini basi mtoto wa Rubongi asiweze kuomba uji kwa mikono yake?

Kwa watu wa mpakani kuna tatizo la ziada. Lugha ya ishara ya Uganda na ile ya Kenya ni mbili tofauti. Mtoto anayepelekwa Ngora au Mbale, kwenye shule za viziwi za upande wa Uganda, hatajifunza ishara zilezile na binamu yake aliyepelekwa Mumias, upande wa Kenya. Familia zetu zinavuka mpaka kama zinavuka barabara, leo kwa shangazi, kesho kwa mjomba. Ushauri wangu ni kwamba wazazi waamue mapema mtoto atasomea wapi, nyumba nzima ijifunze ishara za huko, wala asihamishwe huku na huku kila karo inaposumbua. Pia asingoje bweni akiwa na miaka minane ndipo akutane na lugha yake ya kwanza. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Nafasi tano kabla ya mwaka mmoja

Najua swali linalofuata: vipimo viko wapi, na pesa ziko wapi? Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilieleza kuwa karibu asilimia 78 ya nchi maskini zina daktari wa masikio, pua na koo chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Hatuwezi kuwapika wataalamu kesho asubuhi. Lakini ripoti hiyohiyo ilikadiria kuwa nyongeza isiyofika dola 1.40 kwa mtu kwa mwaka ingetosha kupanua huduma za masikio, na kwamba kila dola moja itakayowekwa ingerudisha karibu dola 16 katika miaka 10.

Tena hatuhitaji kuanza na jengo jipya. Ratiba ya chanjo huwaleta watoto mikononi mwa wahudumu wa afya angalau mara tano kabla ya mwaka mmoja: wakizaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9. Hapo mpaka hauna kazi, maana Tororo na Busia zote mbili zinafuata hatua hizo. Kinachokosekana ni maswali manne kwenye kadi, kila moja kwa umri wake. Je, hushtuka mlango ukibamizwa? Je, hutulia akisikia sauti yako kabla hajakuona? Je, hugeukia anayemwita kutoka nyuma? Je, ameanza ba-ba-ba? Mama akijibu hapana, apewe barua ya kwenda hospitali.

Tahadhari moja kwa tunaopenda kupima wenyewe kwa kupiga makofi: mtoto huona kivuli, huhisi upepo, huhisi mtikisiko wa sakafu, kisha hugeuka, nasi tunatangaza kuwa ni mzima. Kuna kifaa kidogo kinachowekwa kwenye tundu la sikio, kikatoa mlio na kusikiliza mwitikio wa sikio lenyewe kwa dakika chache, hata mtoto akiwa amelala. Wabunge wetu, madiwani na wawakilishi wa kaunti wahakikishe kuwa hospitali ya Tororo, ya Masafu na ile kuu ya Kaunti ya Busia zina kifaa hicho, zina mtu anayejua kukitumia, na kinatumika siku za kliniki. Wakija kuomba kura, waulizwe hilo pamoja na barabara.

Na wale wanaosema hakuna faida kujua kama huwezi kununua kifaa cha kusikilizia, nawajibu kwamba faida ipo. Usaha utatibiwa. Mtoto atakaa dawati la mbele. Mwalimu atamtazama usoni anapofundisha. Nyumbani watamgusa bega kabla ya kuzungumza naye, watapunguza redio, watajifunza ishara. Mhudumu wa afya wa kijiji atajua mlango wa kubisha mradi wa vifaa utakapofika. Yote hayo yanaanza na kujua.

Inawezekana kabisa yule mtoto wa sokoni anasikia vizuri, na kweli atasema tu, kama mjomba wake. Mungu ajalie iwe hivyo. Lakini pima hesabu ya makosa mawili. Mama aliyepima bure amepoteza asubuhi moja ya foleni na nauli ya bodaboda. Aliyengoja bure amempotezea mtoto miaka ambayo hakuna hospitali ya Mbale, Kampala wala Nairobi inayoweza kumrudishia. Jirani anayesema "atasema tu" hatalipa hata shilingi ya deni hilo.